Nilivyoinyima Kompyuta Feni

Leo aibu imenishika mchana kweupe, mbele ya mtendaji wa kata, nikiwa nimevaa gauni langu la Idi.

Nasema mapema, msije mkasikia kwa watu wa sokoni wakawaongezea chumvi. Haihitajiki. Kisa kimekolea hivyohivyo kilivyo.

Naandika kwa kalamu, kwenye daftari, kwa sababu kompyuta yenyewe inapoa. Kesho Semeni atachapa, ataweka kwenye diski, ataenda nayo Korogwe kwenye duka la intaneti, awatumie ninyi wote tuliosoma pamoja darasa la watu wazima. Ninyi wa Tanga, ninyi wa Morogoro, na wewe Zubeda uliyehamia Dar ukajifanya humjui mtu. (Semeni, chapa kama nilivyoandika. Usinipambe na usinifute.)

Semeni mnamkumbuka. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Ana miaka ishirini na minne sasa. Amesoma uhazili Tanga, na huko akafundishwa pia kuifungua kompyuta na kuifunga, hiki hapa na kile pale, kama sisi tunavyotia jembe kwenye mpini. Amerudi Handeni anataka kufungua ofisi ya kuchapa barua. Hapa mjini mchapaji ni mmoja tu, mzee mwenye taipureta karibu na ofisi za wilaya. Akikosea herufi, anakulipisha na kosa lake.

"Bibi," Semeni akaniambia, "nikipata kompyuta sitakosa kazi. Na tukinunua vipande nikaunganisha mwenyewe, bei inashuka karibu nusu."

Nikafikiri siku tatu. Siku ya nne nikampeleka mtamba wangu mnadani. Mweupe, mpole, alikuwa hajazaa hata mara moja. Nilipokea pesa nikaondoka bila kugeuka nyuma. (Niligeuka. Mara moja.)

Jioni Semeni akakaa na kalamu, akachora karatasi yenye safu tatu. Safu ya kwanza kompyuta ya bei ya chini, ya pili ya bei ya kati, ya tatu ya bei ya juu. Vitu ni vilevile kila safu, tofauti ni ubora wake. Kasha. Mazabodi, yaani ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa juu yake. Prosesa, ambayo aliniambia ndiyo ubongo. Memori. Hadi diski, ya kutunzia kazi. Skrini. Kibodi na mausi. Na mwisho kabisa, chini ya vyote, feni.

"Hizi bei sizielewi," nikamwambia. "Niambie kwa ng'ombe."

Akacheka. "Ya chini ni huyo mtamba wako, na inabaki chenji ya kuku. Ya kati ni mtamba na mbuzi watatu. Ya juu ni ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na bado tukope."

"Basi nitachanganya. Hapa nachukua cha chini, pale cha juu."

"Bibi, havichanganywi hivihivi tu. Kuna vinavyoendana na..."

"Nimepika pilau miaka hamsini, Semeni. Wewe ndio unifundishe kuchanganya?"

Akainamia karatasi yake. Ni mtoto mwenye adabu. Leo ningependa angekuwa hana.

Kwenda Korogwe nikamkatalia. Alitaka twende wote. Nikamwambia, "Wewe ukionyeshwa kitu kinachong'aa unacheka. Muuzaji akiona meno yako, bei inapanda. Mtamba alikuwa wangu, naenda mwenyewe." Nikakunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na pesa, nikaondoka na gari la alfajiri.

Korogwe siku hizi ukishuka unaweza kupotea kwa bidhaa. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapanga foleni ya sabuni tangu jogoo la kwanza? Sasa sabuni zinakufuata wewe. Redio, baiskeli, masufuria ya rangi, viatu vya mtumba vya watu wenye miguu mirefu. Na nyuma ya stendi, duka la vipande vya kompyuta. Mwenye duka ni fundi mmoja Mshambaa wa Vugiri, mtu mzima wa miaka arobaini hivi, miwani puani, bisibisi mfuko wa shati. Anaitwa Shekiondo. Akanisalimia kwa Kishambaa. Nikamjibu kwa Kiswahili, ajue nimekuja kikazi.

Akasoma karatasi ya Semeni. "Huyu aliyeandika anajua," akasema. "Unachukua safu ipi, bibi?"

"Weka zote mezani."

Akaweka. Nikaanza kuchagua kwa akili yangu yote. Sasa mtu akichagua mtamba anaangalia macho, miguu, mgongo. Hivi vitu havina macho. Nikaamua kupima kwa mkono. Kizito ni kizuri, chepesi ni ujanja. Kasha la bei ya chini lilikuwa jepesi kama bati la kuku, nikalisukuma pembeni. La bei ya juu lilinivuta bega. Nikachukua. Skrini hivyohivyo, nikachukua kubwa kuliko zote, ina mgongo kama wa mama mjamzito.

Tukafika kwenye prosesa. Kitu chenyewe kidogo kama biskuti, kina vijimiguu chini kama tandu. Ya juu, bei ya mbuzi wawili wazima!

"Hii ndiyo ubongo?" nikamuuliza.

"Ndiyo, bibi. Ukiwa mkubwa, kazi inakwenda haraka."

"Nipe mdogo. Mimi wangu mdogo na nimefika nao miaka sabini."

Shekiondo akatikisa kichwa, akaniwekea mdogo. Memori nayo ndogo. Niliona haina maana kununua akili kubwa ambayo hakuna mgeni atakayeiona, wakati kasha ndilo litakalokaa sebuleni. (Ndiyo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.)

Halafu akatoa kwenye kabati kidude cheusi chenye panga ndogondogo. "Na hii, bibi."

"Nini hiyo?"

"Feni."

"Ya nani?"

"Ya prosesa. Inakaa juu yake, inaipoza. Bila hii haiwezi kufanya kazi."

Hapo, wenzangu, damu ikanipanda. Mnajua mimi nina kidonda na wauza duka. Mnakumbuka enzi zile za duka la kijiji? Ukitaka sukari, unaambiwa sukari haitoki peke yake, lazima uchukue na kopo la dawa ya viatu. Nilichukua makopo manne mwaka ule. Viatu nilikuwa sina. Sasa nimesimama Korogwe, dunia imebadilika, biashara huria, na mtu ananiambia ubongo hautoki bila feni!

"Mwanangu," nikamwambia, "ujanja huo niliuzoea wewe bado unanyonya."

"Bibi, wallahi, si ujanja."

"Kwangu mimi sina feni. Nyumba nzima ya kwetu haina feni. Handeni jua linawaka mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Hata mtendaji wetu wa kata hana feni! Anatoka jasho ofisini kama ng'ombe aliyevuka mto, na bado kazi anafanya, ingawa kazi yenyewe ni kidogo. Yeye ni serikali. Hii mashine ni nani?"

Watu dukani wakacheka. Nikajiona nimesema. Shekiondo akashusha bei. Nikakataa. Akashusha mpaka nusu. Nikakataa zaidi, maana kitu kikishushwa bei upesi hivyo, ujue hakikuwa na kazi.

"Basi bibi, usiseme sikukwambia," akasema, akairudisha kabatini.

Pesa ya feni nikanunulia nyuzi nyeupe za kufumia. Mtaona kwa nini.

Nikarudi Handeni skrini nimeipakata kama mtoto mchanga. Semeni akanipokea, akapanga vitu juu ya mkeka, kimoja kimoja, karatasi mkononi. Alipoona prosesa na memori akavuta pumzi lakini akasema, "Sawa, kwa kuchapa barua zitatosha." Akahesabu tena. Akainua kasha, akatazama chini yake.

"Bibi, feni iko wapi?"

Hapa ndipo nilipokosea. Yale ya dukani ningeweza kuyaita ukali. Hili halina jina lingine. Ningeweza kusema nimekataa, angeandika barua, gari la kesho lingeleta. Lakini nilikuwa nimeshawasimulia majirani wawili nilivyomshinda yule fundi.

"Fundi kasema hii ya siku hizi haitaki," nikamjibu.

"Kweli?"

"Mimi nakudanganya?"

(Ndiyo.)

Semeni akaguna kidogo. "Labda ni aina mpya," akasema. Akaketi na bisibisi. Jamani, huyo mtoto ana mikono! Saa mbili tu, kila kitu kimekaa mahali pake. Printa alikuwa nayo tangu Tanga, ya mtumba, ikichapa inalia kama mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Jana jioni tukaiwasha kompyuta. Ikang'aa! Tukapiga vigelegele. Semeni akaandika jina langu, likatokea kwenye skrini kubwa kama bango. Nikamwambia azime haraka, mita ya umeme haina huruma. Tuliiwasha dakika mbili labda.

Usiku kucha nikafuma. Mnajua nyumbani kwangu hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, jagi lina kitambaa, viti vina vitambaa. Nikafumia kasha kitambaa kizito cha maua, kikalifunika juu, pembeni na nyuma, pindo mpaka mezani. Asubuhi nikalivalisha. Kilipendeza mno.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Mteja wa kwanza wa Semeni alikuwa Mzee Lazaro, mwenyekiti wa wafugaji wa upande wa Mkata. Mnene wa sauti, mrefu, rubega nyekundu, simu ya mkononi inaning'inia shingoni. Ng'ombe wao wanakufa kwa ndigana, kupe wamezidi, wanataka kujengewa josho la kuogeshea mifugo. Wilaya imewaambia walete katiba ya kikundi na barua ya maombi, vimechapwa, mwisho leo saa tisa alasiri. Wasipofikisha, jina lao linasubiri mwaka kesho. Mwaka mzima wa kuzika ndama.

"Nimepita kwa mwenye taipureta," Mzee Lazaro akatuambia. "Kasema kurasa sita kwa leo hawezi. Nikasikia hapa kuna mashine. Mkiweza, kazi zote za kikundi zitakuja hapa. Msipoweza..."

Semeni akaanza kuhesabu kurasa. Mimi nikajibu kwa niaba yake, "Tunaweza."

Tena mimi nilikuwa nimemwalika mtendaji wa kata aje kuona ofisi ikifunguliwa. Nilimkalisha kiti cha mbele, nikampa soda. Majirani wakajaa mlangoni na dirishani. Saa nne asubuhi Semeni akawasha. Watu wakasema "aaah." Nikasimama pembeni, mikono nimefunga kifuani, kama mimi ndiye niliyeivumbua.

Semeni anachapa upesi! Vidole vinakimbia kama mvua juu ya bati. Ukurasa wa kwanza ukafika nusu. Mara vidole vinaenda, maneno hayaji.

"Imeganda," Semeni akasema taratibu.

"Inafikiri," nikawaambia watu.

Ikafikiri mpaka ikazima. Semeni akawasha upya. Nusu ukurasa, haupo! Akaanza tena. Mistari saba, ikaganda. Akazima, akasubiri, akawasha. Mistari mitano. Mtendaji akamaliza soda. Jua likapanda, chumba kikawa kama tanuri la matofali, mtendaji akatoa leso akaanza kujifuta shingo. Mzee Lazaro akatazama saa yake, akatazama mlango, akatazama makaratasi yake mezani. Nilijua anachofikiri. Anafikiria taipureta, hata kama ni kurasa mbili tu.

Semeni akaweka kiganja juu ya kitambaa changu cha maua. Akakitoa haraka kama aliyegusa kikaango. Akalivua kasha kitambaa. Joto likatoka, na harufu kama ya plastiki iliyokaribia jiko.

"Bibi," akasema, bila kunitazama, "fundi alisema haihitaji feni kabisa?"

"Kabisa." (Mungu anisamehe, hata hapo.)

"Namba yake mnayo?" akauliza Mzee Lazaro. Ilikuwa imepigwa mhuri kwenye risiti. Akavaa miwani, akabonyeza. Sasa ile simu yake si simu, ni kipaza sauti. Huwa anaitumia porini kwenye upepo, ameifungulia mpaka mwisho. Ikaita, Shekiondo akapokea, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

"Fundi, niko Handeni," Mzee Lazaro akasema. "Kuna kompyuta uliuza vipande vyake. Inazimika."

"Handeni? Kwa yule bibi mkali?"

Watu wakanigeukia.

"Huyohuyo," akasema Mzee Lazaro.

"Ina feni?"

Semeni akainama kwenye simu. "Shikamoo fundi. Bibi alisema wewe umesema hii haitaki."

"Mimi?" Simu ikatetemeka. "Mimi nimwambie hivyo? Nilimsihi! Nikamshushia bei mpaka nusu! Nikamwapia! Akaniambia hata mtendaji wa kata wao hana feni, anatoka jasho ofisini kama ng'ombe aliyevuka mto, na kazi anafanya, ingawa kazi yenyewe ni kidogo!"

Mtendaji alikuwa na leso shingoni. Akaitazama. Akaikunja mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni. Jasho likaendelea kumtiririka, akaliacha.

"Kumbe bibi," akasema, "mimi najadiliwa mpaka Korogwe."

Dirishani mtu mmoja akapasuka kicheko, na wote wakafuata. Mzee Lazaro mwenyewe mabega yalikuwa yanaruka. Nikatafuta neno la kusema. Mimi! Mnanijua mimi nikose neno? Nikalikosa. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni kumuuliza mtendaji kama anataka soda nyingine. Nikamuuliza. Akasema hapana, asije akatoka jasho zaidi.

Semeni ndiye hakucheka. Aliuliza kwenye simu, "Fundi, tukiipepea kwa mkono?"

"Fungua kasha, upepo uende moja kwa moja kwenye prosesa. Usikatike hata kidogo. Itakwenda. Lakini mkono utauma."

Semeni akafungua kasha. Akanitazama. Yale macho nayajua, ni yangu, nimeyatumia kwa watu miaka yote.

"Bibi, lete kipepeo."

Nikaenda jikoni nikachukua kipepeo changu cha ukili, cha kuwashia mkaa. Nikarudi, nikasimama nyuma ya kompyuta na gauni langu la Idi, nikapepea mara ya kwanza kwa nguvu. Jivu lote la jana likaruka likatua kwenye shati jeupe la mtendaji.

Sitaki kulizungumza hilo. Tuendelee.

Nilikung'uta kipepeo nje, nikarudi, nikapepea. Semeni akachapa. Mistari kumi. Ishirini. Ukurasa! Haijaganda! Watu wakapiga makofi na mimi nikataka kusema kitu cha kujitetea kidogo, nikafungua mdomo, mkono ukapungua kasi, skrini ikakwama.

"Bibi, usiongee," akasema Semeni. "Pepea tu."

Basi ndipo nilipojua mateso. Saa mbili na zaidi nimesimama mbele ya watu, mkono unakwenda, mdomo umefungwa, na wao wamegundua kwamba siwezi kujibu! Mtendaji akaanza. Akataja mikutano yote ya kata ambayo sijahudhuria. Akataja siku niliyomfukuza karani wake na mwiko. Jirani yangu akasimulia nilivyokataa kumwazima kiti cha harusi kwa sababu kilikuwa na kitambaa kipya. Kila mmoja akatoa chake. Mimi napepea. Natoa macho tu, na macho peke yake hayatoshi.

"Taratibu bibi, usiichoshe," akasema Mzee Lazaro.

"Hapana, haraka kidogo," akasema Semeni.

"Badilisha mkono," akasema mtendaji, "huo wa kulia umeanza kufanya kazi kidogo."

(Hilo nililistahili. Naliandika hapa kwa haki.)

Ukurasa wa nne bega likawaka moto. Ukurasa wa tano machozi yakanitoka, nikawaambia baadaye ni jivu. Nilitamani kukitupa kile kipepeo niende zangu shambani nisirudi mpaka msimu uishe. Lakini nilikuwa namwona Semeni kisogo chake, nywele zimemlowa jasho, hajainua kichwa, anachapa kana kwamba kila ng'ombe wa Mkata amesimama nyuma yake. Mtoto hakukosea kitu hata kimoja. Aliyekosea alikuwa nyuma ya kasha na kipepeo. Nikapepea.

Saa nane na robo ukurasa wa sita ukaisha. Printa ikalia kama mbuzi, karatasi zikatoka moja moja, safi, herufi zimenyooka kama mahindi ya mtu aliyepima kwa kamba. Mzee Lazaro akasoma zote kwa sauti yake ile. Akasaini. Akazikunja ndani ya rubega, akatoka mbio. Mtu mzima yule, mbio!

Tukasubiri. Hakuna aliyeondoka. Nilikaa chini, mkono wangu wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Akarudi saa tisa na dakika chache, anatembea. Akaweka mezani nakala yenye mhuri wa wilaya, wino bado mbichi, na chini yake makaratasi mengine, madaftari ya kumbukumbu za kikundi ya miaka mitatu yaliyoandikwa kwa mkono.

"Haya yote yachapwe," akamwambia Semeni. "Polepole, hakuna haraka. Na vikundi viwili vya wenzetu nitawaelekeza hapa."

Semeni akaweka mikono usoni akalia kidogo. Kisha Mzee Lazaro akanigeukia mimi, akainama, akasema kwa heshima zote, "Bibi, na wewe utakuwepo?"

Chumba kizima kikaangua tena kicheko.

Watu walipoondoka Semeni akanichemshia maji ya chumvi, akanikanda bega. Hakuuliza. Akakanda tu. Nikangoja aulize, hakuuliza, na hiyo ikanikanda zaidi.

"Semeni."

"Naam, bibi."

"Fundi hakusema. Nilisema mimi."

"Najua. Nimemsikia."

"Nilikudanganya."

"Ndiyo, bibi."

"Basi nisamehe."

Mikono yake ikasimama. Katika miaka ishirini na minne hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwangu, na mimi mwenyewe sauti ilinishangaza. Akasema amesamehe. Halafu akaniambia Shekiondo ataleta feni na gari la kesho, kwa bei kamili, na ameapa hapunguzi hata senti.

Hilo lingekuwa mwisho. Lakini nilitoka jioni kununua vitunguu. Wa kwanza kunikuta ni muuza nyama. Hakusema shikamoo. Aliinua mkono akapepea hewani mara tatu, taratibu, uso wa heshima kabisa. Mbele kidogo mama mmoja na mwanawe, vilevile. Kwenye vitunguu, muuzaji akanipepea na ungo mzima.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu, mnipendao. Cheka huko huko uliko, maliza kabisa, ufute machozi. Na siku ukija Handeni tukikutana njiani, nisalimie kwa mdomo. Mikono yako itie mfukoni.